Nukta Zilizokosa Sumaku

Kwanza ieleweke kwamba hakuwa profesa. Jina hilo alipachikwa na wifi yake, dada wa mumewe, siku alipohamia kwao na mabegi matatu na viti viwili vya kusukia nywele, akamkuta mke wa kaka yake amepiga magoti sebuleni akipima picha ya jua kwa rula. "Kumbe kaka kaoa profesa na hatuambiwi," wifi akasema, na tangu hapo jina likaganda. Wateja wa kusuka walimwita Profesa. Fundi bomba alimwita Profesa na kumtajia bei ya kiprofesa. Yeye mwenyewe lilimkera, kwa sababu hata huo udaktari alikuwa hajaupata, na wiki ile ndiyo ulikuwa umeshika mlango unataka kutoka.

Barua ilifika Jumatatu. Ilitoka kwa mtahini wa nje, ambaye wanafunzi wa miaka yote walimwita Hakimu kwa kuwa hakuna aliyewahi kuyaona meno yake ndani ya chumba cha mtihani. Miaka minne ya kazi, na mtu yule alikuwa ameijibu kwa mistari minne. Mtahiniwa anadai kwamba nukta ndogo ng'avu za jua hukaa pale uga wa sumaku unapokusanyika. Kwa hesabu zake mwenyewe za msimu huu, nukta elfu mbili na mia tano kati ya elfu sita hazina sumaku yoyote chini yake. Aeleze, au aondoe dai. Kikao ni Ijumaa, saa nne asubuhi.

Aondoe dai. Profesa alisoma maneno hayo amesimama, akayasoma tena amekaa. Ukiondoa dai kwenye tasnifu ile, kinachobaki ni jalada na ukurasa wa shukrani.

Kilichomchoma zaidi ni kwamba Hakimu hakuwa amesema uongo. Zile elfu mbili na mia tano alizihesabu mwenyewe na kuziandika mwenyewe, na kila alipozirudia zilikuja zile zile. Msimu wa kwanza nukta zilikaa juu ya sumaku kama kuku kwenye mayai. Msimu wa pili, darubini ile ile, kamera zile zile, jua lile lile, karibu nusu ya nukta zikawa zinaelea hewani hazina kwao.

Ofisini kulikuwa kunapakwa rangi, kwa hiyo Jumatano alibeba picha zake nyumbani. Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi, ambayo wenzake waliicheka: hakuamini skrini. Kila siku ya msimu aliichapa mara mbili kwa printa kubwa ya ramani. Picha ya sumaku aliichapa kwenye karatasi, jua zima lenye upana wa mita moja, kijivu tupu ila pale penye sumaku, ambapo palitokea vidoa vyeupe kwa ncha moja na vyeusi kwa ncha nyingine. Picha ya mwanga wa zambarau, inayoonyesha zile nukta, aliichapa kwenye plastiki angavu. Halafu alilaza plastiki juu ya karatasi, akashika kalamu na kuhesabu nukta ipi imekalia nini.

Sehemu pekee ya kutandaza vitu hivyo ilikuwa sakafu ya sebule. Na sebuleni, kama kawaida, palikuwa na wifi, mteja mmoja kwenye kiti cha chini, mteja mwingine anayesubiri zamu, redio, na habari za mtaa mzima.

"Wifi, hivi jua nalo lina sumaku?" wifi aliuliza, meno yameshika kitana.

"Linayo."

"Mbona vijiko vyangu haviruki?"

Mteja wa kwenye kiti alicheka hadi akavutwa nywele. Profesa alivuta pumzi. Alikuwa na siku moja na nusu. Lakini alijua pia kwamba asipojibu ataulizwa hadi jioni.

"Liko mbali, wifi. Sikiliza. Ukilitazama jua kwa kioo cha zambarau, uso wake umejaa vinukta vinavyong'aa, maelfu. Pale sumaku inapobanana mahali padogo, gesi iliyo juu yake hupata joto kuliko jirani zake. Ndiyo maana panang'aa. Mimi nimesema hivyo kwenye kitabu changu."

"Kumbe ni kama nyumba ya yule bwana wa kona," wifi alisema. "Ukiona taa haizimwi, ujue ndani kuna mvutano."

Yalikuwa maelezo mazuri kuliko ukurasa wake wa tatu, na hilo lilimuudhi. "Sasa mimi nina nyumba elfu mbili na mia tano zimewasha taa," alisema, "na ukiingia ndani, hakuna hata anayenuniana."

"Uongo huo," alisema mteja anayesubiri. "Watu hawawashi taa bure."

Waliendelea na bwana wa kona, na Profesa akaendelea na magoti yake. Siku ya tatu ya msimu, sitini na tano hazina sumaku. Siku ya nne, sabini. Mgongo ulimuuma, redio ilimuuma, na ile sauti ya wifi ya kusema "mimi simsengenyi mtu lakini" ilimuuma kuliko vyote.

Ndipo wifi aliponyoosha mguu kuufuata mkebe wa mafuta, akakanyaga ukingo wa plastiki.

"Wifi."

"Nimeona, nimeona. Nimegusa kidogo tu."

"Umenisogezea jua."

"Si nalirudisha." Akalisukuma kwa kidole gumba cha mguu, likasogea zaidi.

Profesa alifumba macho. Yapo maneno ambayo mke wa mtu hamwambii dada wa mumewe, na alikuwa ameyapanga yote mdomoni, ya kwanza hadi ya mwisho. Akafumbua macho ili ayaseme akimtazama. Lakini macho yalipita kwanza sakafuni, na maneno yakamtoka kichwani.

Nukta za katikati ya jua zilikuwa zimekaa juu ya sumaku.

Si moja wala kumi. Karibu zote za katikati, kila moja imetua kwenye kidoa chake, cheupe au cheusi, kama wageni waliokuta viti vyao. Plastiki ilikuwa imesogea kushoto kwa upana wa punje ya mchele, basi. Akaisogeza kulia kama ilivyokuwa: zikahama zote kwa pamoja. Akaisogeza kushoto: zikarudi. Kisha akatambaa hadi pembeni mwa jua, na huko mambo yalikuwa kinyume. Nukta za pembeni, ambazo mwanzo zilikuwa sawa, sasa ndizo zilizokosa.

"Umelala huko chini?" wifi aliuliza.

"Nyamaza kidogo, wifi. Nakuomba."

Kitu gani kinasogea sana katikati na kidogo pembeni? Hata mtoto wa darasa la kwanza angejibu. Mpira unaozunguka. Ukiutazama kwa mbele, alama ya katikati inakwenda mbio kutoka kushoto kwenda kulia, na ya pembeni inajikunja kuelekea nyuma bila kusogea sana machoni. Hilo lilikuwa jua lenyewe, linajizungusha.

Na mzunguko huo aliujua vizuri. Pale kwenye kituo chao cha darubini kamera mbili zilitumia kioo kimoja. Saa tatu kamili asubuhi ilipigwa picha ya zambarau, kisha fundi wa darubini akageuza kioo na kuiwasha mashine ya sumaku, na picha yake ikapatikana saa tatu na dakika arobaini. Ndani ya dakika arobaini katikati ya jua husogea karibu kilomita elfu tano, na nukta yenyewe ina upana wa elfu moja na nusu. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha, ni lazima picha ya sumaku ivutwe nyuma dakika arobaini, yaani irudishwe kushoto ilikokuwa saa tatu. Alikuwa akiivuta kila siku, bila kukosa hata moja. Lakini hapa sakafuni sumaku zilikuwa kushoto mno, kana kwamba zimevutwa dakika themanini.

Akatoa orodha ya siku zote arobaini za msimu. Katikati yake palikuwa na siku kumi na moja ambazo nukta zilikuwa na adabu, karibu zote juu ya sumaku. Alikuwa ameandika pembeni kwa penseli: hali ya hewa nzuri. Sasa alizitazama tarehe. Zilikuwa siku ambazo wageni fulani walikuja na kioo chao cha kugawa mwanga, na kamera zote mbili zikapiga kwa dakika ile ile. Siku hizo hapakuwa na cha kuvuta. Ukivuta sifuri mara mbili, bado ni sifuri.

Aliketi chini kabisa, mgongo ukutani. "Kamusi," alisema.

"Nani huyo?" wifi aliuliza, na redio ikapunguzwa sauti.

"Fundi wa darubini."

"Kafanyaje?"

"Kanisaidia," alisema Profesa, na namna alivyolitamka neno hilo, mteja wa kwenye kiti aligeuka kumtazama.

Alhamisi asubuhi alikuwa kituoni kabla ya wapaka rangi. Kamusi aliitwa Kamusi kwa sababu hakuna jambo alilokiri kutolijua, na alikuwa na tabia moja iliyofahamika kituo kizima: kitu hakikupita mikononi mwake kikatoka kama kilivyoingia. Ukimwazima baiskeli, inarudi breki zimekazwa. Ukimpa barua akupelekee, inafika imetiwa alama za vituo. Watu walimsifu kwa hilo, naye Profesa pia, hadi jana yake mchana.

Alimkuta juu ya ngazi fupi akipuliza vumbi kwenye kioo.

"Shikamoo, Kamusi."

"Marahaba, mama. Mbona uso kama shati lisilopigwa pasi?"

"Zile picha za sumaku unazonipa. Unazifanyia nini kabla hujanipa?"

"Nizifanyie nini? Nazisafisha."

"Unazisafisha vipi?"

"Vumbi. Mistari. Na ule mzunguko."

"Mzunguko upi?"

Kamusi alishuka ngazi moja. "Wa jua. Si wewe mwenyewe uliyelalamika mwaka jana hapa hapa, mgongo, macho, kuvuta picha kila siku kunakuua? Nikasema mtoto wa watu anateketea, ngoja nimpunguzie. Naivuta nyuma dakika arobaini. Ikikufikia iko tayari mezani, ni kula tu."

"Tangu mwanzo wa msimu."

"Tangu siku ya kwanza. Sijakosa hata moja," alisema kwa fahari.

"Na hukuniambia."

"Nikutangazie, kwani naomba kura?"

Profesa alitafuta pa kukaa, akapata kreti la vipuri. "Kamusi, mimi nami naivuta."

Kamusi alishuka ngazi iliyobaki. Unaweza kudhani aliona aibu, lakini uso wake ulikuwa wa mtu anayetafuta mlango wa pili.

"Sasa unaivuta vipi," alisema, "na ilishavutwa?"

"Sikujua imeshavutwa."

"Ungeuliza."

"Niulize nini? Niamke asubuhi nikuulize, Kamusi, leo umenisaidia bila kuniambia?"

"Imeandikwa, mama. Mimi si mhuni." Akaenda kwenye rafu iliyokuwa juu ya meza ya Profesa, juu kabisa ya kichwa chake alipokaa mwaka mzima, akashusha daftari la jalada gumu. Kila siku ilikuwa na mstari wake kwa mwandiko wa kupendeza: tarehe, saa ya picha ya kwanza, saa ya picha ya pili, imevutwa nyuma dakika arobaini, sahihi. Zile siku kumi na moja zilikuwa na mstari mfupi: wageni, haikuvutwa.

Profesa alilifungua, akalifunga. Hakujua amkumbatie au amfukuze kazi, na kwa kuwa hakuwa na mamlaka ya la pili wala hamu ya la kwanza, aliuliza tu kama picha mbichi bado zipo.

"Mimi situpi kitu," alisema Kamusi.

Ijumaa saa nne kasorobo, chumba cha kikao kilikuwa na watahini watatu, jagi la maji, na, kwenye kiti cha nyuma kabisa, Kamusi, amevaa suti. Hakuna aliyemwalika. Profesa alimkazia macho ya "toka", naye akamjibu kwa ishara ya kumtia moyo.

Alieleza kwa robo saa. Alilaza plastiki juu ya karatasi mezani, akaisogeza kulia, akaisogeza kushoto. Watahini wawili waliinuka kuja kutazama. Hakimu hakuinuka.

"Kwa hiyo," alisema Hakimu, "dai lako lilikuwa linaanguka, ukatafuta msogeo unaolisimamisha, ukaupata. Nikikupa misogeo mia, mmoja utakufurahisha. Nitajuaje kwamba hujachagua tu ulioupenda?"

Hilo swali lilimpandisha hasira, kwa sababu lilikuwa swali zuri. Akashusha sauti. "Kwa sababu zipo siku ambazo hazihitaji msogeo wowote. Kumi na moja. Picha mbili kwa dakika moja. Sikuzigusa, wala yeyote hakuzigusa, na nukta zake zilikuwa juu ya sumaku kabla sijajua kuna tatizo. Hesabu yake iko kwenye tasnifu uliyoisoma, jedwali la tano. Sikuipa uzito. Nilidhani ni hali ya hewa."

Hakimu alifungua tasnifu, akatafuta jedwali la tano, akalisoma taratibu kama mtu anayekagua tiketi. "Na saa za picha za siku nyingine?"

Profesa alimpelekea daftari. Hakimu alipekua.

"Mwandiko wa nani huu?"

"Wa fundi wa darubini."

"Kwa hiyo kosa ni la fundi."

Hapo ilikuwa rahisi. Neno moja tu, ndiyo, na lawama ingehama meza. Lakini daftari lilikuwa wazi mbele ya Hakimu, limeandikwa kila siku bila kuruka, na lilikuwa limekaa mwaka mzima mkono mmoja juu ya kichwa chake.

"Tulisahihisha wote wawili," alisema. "Yeye aliandika, mimi sikusoma. Mimi nilisahihisha, sikumwambia. Kila mmoja peke yake alikuwa sawa."

Nyuma ya chumba mkono uliinuka. "Mimi ndiye niliyesahihisha kwanza," alisema Kamusi.

Mmoja wa watahini alikohoa ndani ya glasi yake. Hakimu alimtazama Kamusi, akatazama suti, akarudi kwenye daftari.

"Wiki tatu," alisema. "Siku zote ishirini na tisa zirudiwe kutoka picha mbichi, zisahihishwe mara moja. Kila atakayegusa picha aandike alichogusa, na mwenzake atie sahihi. Nukta zitakazobaki bila sumaku zitajwe idadi yake, hata kama zinauma. Mkifanya hivyo, dai linasimama. Msipofanya, linaondoka."

"Tufanye?" aliuliza Profesa. "Nani na nani?"

"Wewe na bwana huyu," alisema Hakimu.

Wiki tatu hizo zilikuwa ndefu kuliko miaka minne iliyotangulia. Kamusi alifanya kazi huku akipiga mluzi, na mluzi ukiisha alianza kueleza. Alieleza jua kwa mtu aliyekuwa akiliandikia tasnifu. Kila picha mbichi ilipomtoka mkononi alitetemeka kidogo, kama mzazi anayempeleka mwana shule bila kumchana nywele, na mara mbili Profesa alilazimika kumnyang'anya kipanya. Jioni Profesa alirudi nyumbani kumkuta wifi, ambaye naye alitaka hesabu ya siku, kwa kuwa wateja walikuwa wanaifuatilia. "Leo wangapi wamekutwa na mvutano?" aliuliza mlangoni. Ulikuwa umeshakuwa mchezo wa saluni nzima, na yule mteja aliyesema watu hawawashi taa bure alikuwa akijisifu sana.

Siku ya mwisho zilibaki nukta mia nne na kumi na mbili zisizo na sumaku. Baadhi zilieleweka: nukta nyingine huishi nusu saa tu, na picha ya pili inapopigwa sumaku yake imeshatawanyika. Lakini si zote. Profesa alizitazama zikamkera. Mia nne na kumi na mbili, namba yenye mkia. Kwenye picha ya siku ya ishirini na sita aliona karatasi imechapwa imeinama kidogo upande wa juu, unywele tu. Akaizungusha kwa ncha ya kidole. Nukta tisa zikaingia kwenye viti vyao.

Mluzi ulikatika.

"Umegusa," alisema Kamusi.

"Kidogo tu. Ilikuwa imepinda."

"Andika."

"Kamusi, ni unywele."

"Na mimi nilikuwa nakupunguzia mgongo." Akamsogezea daftari na kalamu, na uso wake haukuwa na mzaha wowote.

Profesa aliandika tarehe. Aliandika: imezungushwa kulia kidogo. Kisha akafika pale panapotaka sababu, kalamu ikasimama. Imepinda. Imepinda kwa kipimo gani? Hakuwa amepima. Na kama hii imepinda, ishirini na nane nyingine je? Kwa nini aligusa hii yenye nukta tisa za kuokoa, na si nyingine? Akapima hapo hapo kwa rula, pembe kwa pembe, mara tatu. Karatasi haikuwa imepinda. Jicho lake ndilo lililopinda.

Akayakata aliyoandika kwa mstari mmoja ulionyooka, ili kilichofutwa kisomeke. Akairudisha picha. Nukta tisa zikatoka kwenye viti. Kamusi akatia sahihi pembeni, akapuliza wino ukauke, na kwa mara ya kwanza ndani ya wiki tatu hakueleza chochote.

Waliituma ile namba kama ilivyokuwa, na mkia wake.

Jibu lilikuja Jumanne. Hakimu alikuwa ameandika mistari miwili. Dai limekubaliwa, tasnifu ipite. Mtahiniwa aanze kufikiria hizo mia nne na kumi na mbili, maana huko ndiko kwenye kazi.

Profesa aliusoma mstari wa pili mara kadhaa. Mtu yule hawezi kukupongeza bila kukupa adhabu, alisema moyoni. Lakini tayari alikuwa ametoa picha ya siku ya kwanza na kuanza kuzungushia duara zile zilizobaki, na wapaka rangi walipoomba waisogeze meza, aliwaambia wasubiri.

Kamusi aliinama juu ya bega lake. "Kakubali?"

"Kakubali."

"Kayataja masahihisho?"

"Hakuyataja."

"Hata ya kwanza?"

Profesa alimpa kalamu ya pili, akamwonyesha azungushie za upande wa kushoto, na aandike.